Arzihali ya Mchunga Mbuzi

Nimefundisha insha miaka thelathini na kitu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufundisha arzihali. Kila mwaka tulipolifikia somo hilo nilipata kikohozi, nikawatoa wanafunzi nje wakapalilie shamba la shule. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza mbona madaftari ya watoto yana insha za kila namna isipokuwa ile ya kumwombea mtu kwa mkubwa. Nikamjibu kuwa watoto wa hapa hawana mkubwa wa kumwomba. Akacheka, akaandika lake, akapanda baiskeli akaenda. Nilimdanganya yule bwana. Sasa nimestaafu, na kikohozi nilicho nacho ni cha kweli, kwa hiyo naona heri niseme.

Insha nilijifunza enzi za Mdachi, hapa hapa Songea, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi chini ya boma. Mtu asidhani tulikuwa watoto. Wengi wetu tulikuwa na ndevu zinazochungulia, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafutiwa mchumba. Majumbe waliamriwa kila mmoja atoe kijana wa kusoma, nao wakafanya kama walivyofanya kwa kazi ya barabara: waliwatoa wasio na mtetezi. Jumbe wetu alikuwa na wana saba wa kiume. Akanitoa mimi.

Mtetezi wangu alikuwa baba mdogo, na yeye mwenyewe hakuwa na wa kumtetea. Baba yangu alikufa nikiwa bado nanyonya, huyu ndugu yake akanilea. Alikuwa mchunga mbuzi. Utotoni alianguka kutoka juu ya msuku akichuma masuku, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo aliuburuta mguu wa kushoto. Kwa Wangoni wa siku zile mwanamume alipimwa kwa mkuki. Kwenye ngoma wanaume waliruka katikati ya uwanja mmoja mmoja wakajigamba: nilivuka mto gani, nilimwangusha nani, nilirudi na ng'ombe wa nani. Baba mdogo alikaa pembeni na kata yake ya pombe ya ugimbi, akiwapigia wenzake makofi. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemwita.

Hata hivyo alikuwa mtu wa mzaha. Mbuzi wake aliwapa majina ya wazee wa kijiji, na mzee mmoja alipopata habari kwamba beberu anayenuka kuliko wote anaitwa kwa jina lake, hakukanyaga kwetu msimu mzima. Ndiye aliyenichongea kibao changu cha kuandikia. Alikilainisha kwa majani ya msasa siku tatu, na aliponikabidhi alinionya kwamba nikirudi bila kujua kitu atakitumia kufunikia chungu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mshika dini, aliyeletwa na serikali kisha akasahauliwa. Baridi ya Juni ilimtesa. Alivaa blanketi juu ya kanzu, akatufundisha akiwa kama mgonjwa aliyetoroka kitandani. Ugali wa ulezi hakuupenda, na wala hakutuficha. Lakini kuandika alikupenda, na ajabu ni kwamba alitaka sisi pia tukupende, sisi tuliopelekwa pale kama kuni.

Alisema insha zina aina nne, na kila moja ina adabu yake. Ya kueleza, mwandishi ajifiche ili kitu kionekane. Nikaandika juu ya banda letu la kuku. Aliifuta mara tatu, kwa sababu kila mara nilitia maoni yangu juu ya jogoo. Ya kusimulia, mwandishi amshike msomaji mkono asimwachie njiani. Nikaandika jinsi nilivyowafuata mbuzi waliopotea hadi karibu na Madaba, nikauruka usiku mmoja mzima katikati ya safari. Mwalimu akaniuliza usiku ule nililala wapi, hewani? Wenzangu walinicheka mpaka mavuno.

Ya tatu ilikuwa ya kusifu, na hapo ndipo nilipoharibika. Mwalimu alisema anayesifiwa akuzwe mpaka msomaji ainue uso kumtazama. Kwa Mngoni hilo halikuwa somo. Nilikuwa nimelisikia uwanjani tangu nizaliwe. Nikamsifu fahali wa jumbe kwa mtindo wa majigambo ya vita: pembe zake, kwato zake, chui aliyemkimbiza, chui ambaye kwa kweli hakuwahi kuwapo. Mwalimu akacheka, akaipeleka kwa bwana mkubwa wa boma, Mdachi aliyejua Kiswahili kuliko baadhi yetu na aliyependa kuona matunda ya shule yake. Bwana akaniita barazani, akanisomesha mbele ya askari wake. Walicheka wote. Akanipa kalamu ya nibu, mpya, ikiwa bado na mafuta ya dukani. Nilirudi darasani nikiwa siwezi kupita mlangoni kwa kichwa kikubwa.

Ya nne, arzihali, tulifundishwa siku moja tu. Mwalimu aliyesema sana katika zile tatu, katika hii alisema kidogo. Alisema pwani amewaandikia watu wengi, na wengine walifunguliwa. "Katika arzihali," alisema, "yule unayemwombea mfanye mdogo. Mpunguze mpaka atoshe kwenye kiganja cha bwana. Bwana hamwachii simba, humwachia kuku." Niliandika maneno hayo kwenye kibao, kisha nikayafuta, kwa sababu kibao kilikuwa kimoja na kesho yake kulikuwa na hesabu.

Kila nilipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, mwendo wa nusu siku upande wa Maposeni, nilimsomea baba mdogo nilichoandika. Banda la kuku lilimchekesha hadi akakaa chini. Lakini insha ya fahali alitaka niirudie, kisha niirudie tena. Siku moja akiwafunga mbuzi kamba, bila kunitazama, aliniambia, "Na mimi siku moja uniandike." Nikamwuliza kwa majivuno ya mwanafunzi, je, anataka ya kueleza au ya kusimulia? Akasema aina hazijui, ila ile ya fahali ilikuwa nzuri. Nikaahidi. Tulicheka kidogo, tukaenda kula.

Kisha vita vikaja. Maji ya dawa ya kugeuza risasi tulikunywa sote, mimi, baba mdogo, bibi yangu aliyekuwa mama yake, hata walioyadharau baadaye walikunywa. Shule ilifungwa, mwalimu akajificha ndani ya boma, nami nikakimbilia nyumbani. Wanaume walipoitwa, baba mdogo hakuitwa, kwa sababu ya mguu. Mimi nilipewa kazi ya kuwapeleka wanawake na wazee milimani, upande wa Matogoro, na yeye akaja pamoja nasi na mbuzi wake. Hivyo ndivyo vita alivyopigana: kuwafunga mbuzi midomo kwa kamba ili wasilie askari wakipita. Kila aliyerudi kutoka vitani alirudi na habari ya walioanguka. Mashamba na maghala yalichomwa moto, tukala mizizi ya porini ya ming'oko na masuku mabichi, na mwishowe tukawala mbuzi wote, na yule beberu tukamla wa mwisho.

Vita vilipokwisha, amri ilitoka kwamba kila mwanamume apeleke silaha zake bomani. Baba mdogo hakuwa na silaha. Alikuwa na mkuki wa babu yangu, uliokuwa umeninginia juu ya moshi wa jiko miaka na miaka, mpana kama jani la mgomba mchanga. Nilimwambia auache pale pale. Akasema wanaume wote wanapeleka mikuki, je, yeye apeleke fimbo ya mbuzi? Akaupangusa masizi, akaubeba begani, akaenda akiburuta mguu. Bwana wa boma alipouona ule mkuki hakumruhusu kurudi. Alisema huo si mkuki wa mtu mdogo.

Walifungwa wengi siku zile, na kila baada ya siku chache bwana alitoa hukumu barazani. Tulijua hukumu yenyewe ilikuwa nini kwa waliosemekana kuwa wapiganaji. Nilimkimbilia mwalimu. Nilimkuta amekonda, blanketi lile lile begani. Aliniambia bado kuna siku tatu, na kwamba bwana ananikumbuka, kijana wa fahali, hivyo karatasi yangu ataisikiliza. Akanipa karatasi mbili, moja ya kuandika na moja ya akiba nikikosea. Akasema iwe kwa kinywa cha mama wa mfungwa, tena mama aje mwenyewe, aketi chini bwana amwone.

Niliiandika pale pale mbele yake. Ilikuwa fupi, sentensi zake nyepesi, haina hata neno moja la kujivunia. Mwalimu aliisoma, akasema, "Hii ndiyo arzihali." Katika miaka yangu yote na yeye sikuwahi kusikia akimsifu mtu hivyo. Nikaikunja, nikaenda kumchukua bibi.

Bibi hakujua kusoma, lakini kusikia alijua. Nilimsomea akiwa amekaa kizingitini, njaa imemmaliza, amebaki macho na kauli. Nilipomaliza akaniuliza huyo niliyemwandika ni nani. Nikasema ni mwanao. Akasema mwanawe hayumo humo.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiojua desturi za kwetu za zamani. Mtu akishikwa na Nkosi, yaani mtawala wetu, anayemwombea hakutanguliza ombi. Alitanguliza matendo. Alisimama akayataja kwa sauti: Nkosi, mkono huu ndio uliokuletea ng'ombe, kifua hiki ndicho kilichokukinga, ukimpoteza huyu utakuwa umejipunguza mwenyewe. Kadiri matendo yalivyokuwa makubwa, ndivyo Nkosi alivyoona uchungu kumpoteza mtu wake. Aliyeombewa kwa huruma tu alikuwa sutu, mtu aliyetekwa, asiye na jina la kutaja. Wapo waliookoka kwa maneno hayo, na bibi aliwajua kwa nyuso.

"Umemwombea mwanangu kama sutu," aliniambia. "Na baba yake alikuwa nani? Na mkuki ule ulikuwa wa nani?"

Nilijaribu kumweleza kwamba Mdachi si Nkosi. Akaniuliza je, hakuwa Mdachi yule yule aliyenipa kalamu kwa kumsifu fahali wa watu? Kama alimfurahia fahali, atamchukia mtoto wa mwanamke?

Mkifika hapa najua mtamlaumu bibi. Msimlaumu. Alikuwa mama, naye alishika kamba aliyoijua. Mimi ndiye niliyefundishwa aina nne. Mimi ndiye niliyekuwa na mwalimu, na maneno ya kuku na simba niliyakumbuka vizuri, neno kwa neno, hata kibao kilipokuwa kimefutwa. Kilichonishinda si bibi. Nilikuwa nataka kuandika ile nyingine. Tangu siku ile ya mbuzi na kamba nilikuwa nataka kumwandika baba mdogo kama nilivyomwandika fahali, na sasa nilikuwa na karatasi safi, na nibu, na msomaji mkubwa kuliko wote wa Songea. Karatasi ya kwanza niliitia motoni kwa mkono wangu. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Niliandika mpaka jioni, bibi akinitajia matendo ya babu na mimi nikimvisha mwana. Nilimvusha mito ambayo hajawahi kuiona. Nilimpa ng'ombe. Ule mkuki niliuandika kama mke wake wa kwanza. Na mguu, kwa kuwa shujaa hachechemei bila sababu, nikaandika kwamba uliumizwa vitani, mbele ya wanaume, akiwa anamwelekea adui na si akimkimbia. Mwisho nikaandika kuwa mtu wa namna hii bwana asimpoteze. Ilikuwa insha nzuri. Nimesahihisha insha maelfu tangu siku ile, na nasema bila unyenyekevu: ilikuwa nzuri.

Kesho yake asubuhi tulikwenda bomani. Mwalimu alisimama kando ya nguzo ya baraza. Nilikuwa nimemwepuka njiani kwa makusudi, nisimwonyeshe karatasi. Wafungwa waliletwa kwa mnyororo mmoja, baba mdogo wa tatu, mguu wake ukiwachelewesha wote. Bwana alinitambua, akatabasamu, akaniambia nisome.

Nikasoma. Sentensi za kwanza nilizisoma polepole, kisha sauti ikapata mwendo wake. Niliona askari wakitulia. Niliona bwana akishika kalamu na kuandika, nikadhani anaandika yaliyompendeza, nami nikazidisha sauti. Mwalimu alikohoa, akakohoa tena kwa nguvu; nikadhani ni baridi. Na nilimwona baba mdogo. Mwanzoni alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye mito alikiinua. Nilipofika kwenye mkuki alinyoosha mgongo, na mguu ule alioukunja maisha yake yote aliukanyagia chini ukasimama kama mwenzake. Nilikuwa nimemjua miaka yote ya uhai wangu, na sikujua kuwa alikuwa mrefu kiasi kile.

Nilipomaliza bwana alimgeukia, akamwuliza kwa Kiswahili kama hayo yote ni kweli.

Baba mdogo alinitazama kwanza. Halafu akasema, "Ndiyo, bwana. Ndiye mimi."

Bwana akanigeukia mimi. Akauliza kama huo mguu uliumia vitani, na kama mimi nilijua hivyo kwa hakika. Mpaka leo najiuliza ningejibu nini. Kusema hapana kungemfanya mwongo mbele ya mama yake na mbele ya wanaume waliokuwa naye kwenye mnyororo, siku hiyo ya kwanza katika maisha yake walipomtazama. Lakini sitajificha nyuma ya huruma hiyo. Wakati ule sikuwaza hivyo. Niliwaza kwamba bwana ameipenda insha. Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Hapo mwalimu alitoka penye nguzo, akapiga magoti, akasema mtu yule ni kilema wa kuchunga mbuzi, kila mtu kijijini anajua, na kijana ameandika kwa desturi za kwao. Bwana hakukasirika. Alimwambia kwa upole kwamba mtu mwenyewe amekiri, na shahidi wake ni wa ukoo wake, tena mwanafunzi wa shule ya serikali. Kisha akaita anayefuata.

Wafungwa walipogeuzwa kurudishwa, walipita karibu nami. Sikuweza kuinua uso. Baba mdogo alisimama kidogo, mnyororo ukawavuta wenzake, naye akasema, "Umeniandika vizuri, mwanangu." Alikuwa anafurahi kweli. Ningependa kusema alisema hivyo kunipoza, lakini nilimjua mtu yule, na furaha yake niliijua.

Walinyongwa siku ya pili yake, yeye pamoja na wengine. Sikwenda. Bibi alikwenda.

Aliishi miaka minne baada ya hapo, na hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Alijua insha ile kwa moyo. Alikuwa ameisikia mara mbili tu, nilipomsomea nyumbani na pale barazani, ikamtosha. Aliwafundisha watoto wa ukoo, na wao wakawafundisha watoto wao. Leo kwenye ngoma zetu vijana huruka uwanjani wakamtaja yule aliyevuka mito, aliyeufanya mkuki mke wake, aliyevunjwa mguu akiwaelekea Wadachi. Wananiona nimekaa pembeni na kata yangu, wananipigia goti kwa heshima kama mtu wa damu ya shujaa. Yule aliyempa beberu jina la mzee, aliyekilainisha kibao kwa majani ya msasa, hayumo katika kinywa cha mtu yeyote. Nilimtoa roho, kisha nikamtoa na kumbukumbu pia, na vyote viwili kwa karatasi moja.

Mwalimu aliondoka mwaka uliofuata. Aliniagiza nisome sana, nije niwe mwalimu. Juu ya karatasi ile hakusema kitu, na mimi sikuwahi kumwomba radhi. Nilifikiri kuna wakati.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kwangu yalikuja na mjukuu mwenyewe, mwezi uliopita, amebeba daftari. Shikamoo babu, marahaba, na mara hiyo hiyo akaniambia mwalimu wao amewapa kazi ya kuandika mfano wa kila aina ya insha. Tatu ameshamaliza, amebakiwa na arzihali, na shuleni wamemwambia babu yake ndiye bingwa wa insha Songea nzima. Nilianza kukohoa. Akaniletea maji, akakaa, akangoja. Ana ukaidi wa bibi yangu.

Nikamwambia aandike. Haikuhitaji kufikiri, niliyatia maneno yale motoni lakini hayakuungua.

"Bwana mkubwa, mimi ni mama mzee. Mwanangu uliyenaye ana mguu mbovu tangu utoto, alianguka mtini. Kazi yake ni kuchunga mbuzi. Mkuki aliouleta si wake, ni wa baba yake aliyekufa. Vitani hakwenda, alikaa na sisi wanawake. Hana analolijua ila mzaha. Nakuomba unirudishie."

Aliandika polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Akaisoma tena yote kimya kimya. Nilimngoja aniambie ni fupi, au aniulize mtu huyo ni nani, nami nilikuwa nimeshakata shauri kumwambia. Hakuuliza hilo. Aliuliza kama yule mama alirudishiwa mtoto wake.

Nikamwambia karatasi haikupelekwa.